Nyumba Zinazoamka Kabla ya Jua

Kigoma kunachelewa kukucha. Saa tunayoitumia ni ileile ya Dar es Salaam, lakini jua likishachomoza kwao, sisi huku bado tunalisubiri karibu dakika 40 nyingine. Saa kumi na mbili asubuhi Mwanga na Gungu ni giza, na kuna miezi ambayo hata saa moja kasoro robo unahitaji tochi kuliona tundu la kufuli. Shule haina habari na hilo. Mtoto anatakiwa awahi namba, afagie, amwagilie maua, kwa hiyo wa darasa la pili anayekaa mbali anaanza safari wakati hamwoni hata aliye hatua kumi mbele yake. Jioni tunafidiwa, kwa sababu mwanga unakaa mpaka karibu saa moja na watoto wa madrasa wanarudi wakionana. Shida yetu kubwa ni asubuhi.

Ndiyo maana nikiulizwa mpango wetu wa nyumba salama ulianzia wapi, sianzi na semina wala barua ya halmashauri. Ulianzia kwenye giza hilo. Mtaani kwetu kuna nyumba kadhaa ambazo mtoto yeyote akipata shida njiani anajua aingie, awe wa hapa au wa mtaa wa pili. Hizi hazifanani na zile nyumba salama za mkoa wa Mara, ambako wasichana wanaokimbia ukeketaji hukaa wiki na miezi. Zile zina wahudumu, zina vitanda, zinafuata taratibu za ustawi wa jamii. Zetu ni nyumba za watu. Mtoto anakaa dakika chache, ikizidi sana saa moja au mbili, mpaka mtu wake afike au wanaohusika wafike.

Wazo si letu peke yetu. Canada, katika mji wa London ulioko Ontario, majirani walianza mwaka 1968 kuweka dirishani kibao chekundu na cheupe. Mtoto akikiona anajua ndani kuna mtu mzima aliyechunguzwa na polisi. Japani wana nyumba na maduka yenye alama ya 110, ambayo ndiyo namba ya polisi wao. Niliposoma habari hizo nilifurahi sana, kisha nikaanza kuona mahali ambapo mambo yao na yetu hayafanani.

La kwanza ni nyumba yenyewe. Kule nyumba mara nyingi ina familia moja. Kwetu nyumba ni korido yenye vyumba sita au nane, bomba moja uani, choo kimoja, na kila chumba kina mpangaji wake. Unaweza kumjua mama mwenye nyumba tangu mkisoma juzuu pamoja utotoni, ukamwamini kwa roho yako yote, lakini kijana aliyehamia juzi chumba cha mwisho humjui anatoka wapi. Kwa hiyo sisi hatuandikishi nyumba. Tunaandikisha kila mtu mzima anayelala ndani yake, jina, kazi, na nani mtaani anamfahamu tangu zamani. Mpangaji mpya akiingia, nyumba inasimama kwanza mpaka ajulikane.

La pili ni zito zaidi. Mipango ya kule ilizaliwa na hofu ya mgeni, mtu asiyejulikana anayemfuata mtoto barabarani. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, ukawauliza vijana yaliyowapata utotoni. Takriban msichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi walitendewa na watu wanaowajua, na miongoni mwa mahali palipotajwa sana ni nyumbani kwa mtu, na njiani kwenda au kutoka shule. Hebu lisome tena: nyumbani kwa mtu. Sasa wewe unafungua mlango wa nyumba ya mtu na kumwambia mtoto aingie bila woga. Usipoulinda huo mlango, mtu mwenye nia mbaya atauona kabla ya mtoto. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo, na ndilo ninalolirudia kwa kila mtaa unaotuuliza waanzeje. Wema wa mwenye nyumba pekee hautoshi. Nyumba lazima iwe macho saa ile mtoto anayopita, na lazima wawepo wengine wanaoiangalia.

Kuwa macho nakusema kwa maana yake ya kawaida kabisa. Tulianza kwa kuzunguka mtaa alfajiri tukitafuta taa zinazowaka. Tukamkuta mama wa maandazi, unga umeshaumuka na moto umekolea. Tukamkuta wa vitumbua, na mzee na mkewe wauza uji karibu na kona ya shule. Tukamkuta bibi mmoja ambaye akishaswali alfajiri harudi kulala, anakaa barazani na tasbihi yake mpaka kunapambazuka. Hawa hatukuwaomba waamke kwa ajili ya watoto, maana walikuwa wameshaamka miaka yote. Canada mpango wao umepungua sana, na sababu mojawapo ni kwamba watu wazima wanakwenda kazini, nyumba zinabaki tupu. Huku kazi ya akina mama wengi iko mlangoni pao, na hiyo ni mali tuliyokuwa nayo bila kuihesabu.

Nikueleze nyumba ya mama wa maandazi, kwa sababu ndiyo tunayowapeleka wengine wakaione. Zamani karai lake lilikuwa uani. Tukamwomba alihamishie mbele, karibu na barabara, naye akakubali. Sasa mwanga wa moto unafika mpaka kwenye mtaro wa upande wa pili. Ubavuni pa jiko kuna benchi fupi, mtoto anakaa hapo, hapiti ndani ya pazia. Pazia lenyewe asubuhi linafungwa fundo ili sebule ionekane. Juu ya benchi kuna msumari, na kwenye msumari kuna daftari la shule lililotobolewa pembeni, kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu. Anaandika siku, saa, mtoto wa darasa la ngapi, amekuja na shida gani, ameondoka na nani. Mama huyu hakumaliza darasa la saba. Mwandiko wake ni herufi kubwa tupu, na ndio unaosomeka kuliko wa sisi sote:

JUMATANO. 12 NA ROBO. DARASA LA 2. MBWA. KAONDOKA NA DADA YAKE.

Watu wakija kututembelea wanategemea kusikia visa vya kutisha. Kurasa nyingi za madaftari yetu ni mbwa, mvua, ndala iliyokatika, mlevi aliyelala njiani, wavulana wakubwa waliomnyang'anya mtu mia mbili yake, na choo. Ndiyo, choo, kwa sababu kuna watoto wanaoogopa choo cha shule. Mwanzoni baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba watoto wanatuchezea. Mimi nasema hapo ndipo mpango unapofanya kazi. Mtoto aliyeingia kwa sababu ya mbwa, akapewa benchi, akaulizwa kwa upole, akaondoka bila kukaripiwa, ameshaujua mlango. Siku akiwa na jambo ambalo hawezi kulisema kwa sauti, miguu yake itamleta. Yule aliyefukuzwa kwa kuja na shida ndogo hatakuja na kubwa.

Masharti yetu si mengi, lakini hayana mjadala. Mtoto hakai na mtu mzima mmoja peke yake. Ukiwa mwenyewe unamwita jirani kwanza, hata kama jirani amelala. Haingii chumbani. Hapewi hela wala zawadi, na hapigwi picha. Halali hapo. Usiku ukiingia na hana pa kwenda, tunampigia afisa ustawi wa jamii, na kama ni kulala anapelekwa kwa mlezi wa kuaminika aliyepitishwa na ustawi wenyewe. Tunauliza mambo matatu tu: unaitwa nani, unaumwa wapi, unataka tumwite nani. Ukiona jibu la tatu halimtaji mtu wa nyumbani kwake, unanyamaza na kupiga simu. Habari nyingine zote zinaachwa kwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa sababu mtoto akishaulizwa na kusimulishwa na watu watano, maneno yanachanganyika na yeye anaumia upya kila mara.

Na kama ameumizwa kimwili, hasa kwa namna ile ambayo sote tunaogopa kuitaja, haogeshwi, nguo zake hazifuliwi. Anapelekwa Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mama anayemwogesha mtoto kwanza anafanya hivyo kwa huruma, ndiyo maana sharti hili tunalirudia kila mkutano mpaka watu wanalisema wenyewe kabla yetu.

Sharti lililoleta machozi ni lile la wanaolala ndani. Mmoja wa akina mama zetu, mwaminifu kuliko wengi, alipokea shemeji yake kutoka Kasulu aliyekuja kutafuta kazi bandarini. Nikaenda kumwambia nyumba yake isimame. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mwenzangu, unanitoa kwa sababu ya ndugu wa mume wangu?"

"Sijamtuhumu, dada. Wewe nakujua, yeye simjui."

"Na mume wangu nitamwambia nini? Kwamba mtaa unamwona mdogo wake mbaya?"

"Mwambie sharti ni la wote. Hata kwangu, mpwa wangu alipokuja likizo, daftari nililitoa msumarini."

Alikaa muda bila kunisalimia vizuri. Shemeji alikuwa kijana mzuri tu, alipata kibarua, akapanga chumba chake Katubuka, na nyumba ikarudi kwenye orodha. Wapo walioniambia baadaye kwamba basi tulimwonea. Sikubali. Sharti ambalo linawaruka watu wazuri haliwezi kumzuia mbaya, kwa sababu mbaya naye ana ndugu wa kumtetea, na mara nyingi ndiye mcheshi kuliko wote pale nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani kama mtu wa mji mwingine angelifikiria: sisi tunaangalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa gizani, mitumbwi inaingia ziwani, na alfajiri akina mama wanateremka Kibirizi kuwahi dagaa kabla bei haijapanda. Nyumba zinabaki na watoto peke yao, mkubwa wa miaka kumi anawavalisha wadogo zake. Siku hizo madaftari yanajaa asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, wanaume wanakaa nyumbani, hela inakauka, pombe inanywewa kwa mkopo, na madaftari yanajaa jioni, kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, mtaa ulikuwa na mbalamwezi ya miezi mitatu mfululizo. Uamuzi wa kulifunga siubishii, samaki walikuwa wamepungua. Nasema tu kwamba walioupanga wangeweza pia kufikiria nani atakuwa barabarani saa mbili usiku amebeba mdogo wake mgongoni, na sisi tulijipanga kwa sababu tulijua.

Sasa niseme lile linalotuchosha kuliko yote: kuyamaliza kifamilia. Nitasimulia kisa kimoja bila kusema ni lini, wala mtoto ni wa jinsia gani. Mtoto alifika kwa bibi wa tasbihi, bibi akafuata masharti yote, Dawati likaarifiwa. Jioni wakaja wazee watatu, wawili kwa kanzu, wanaheshimika. Wakaamkia, wakakaa mkekani. Mkubwa wao akasema, "Shikamoo mama. Mtoto ni wetu, na aliyefanya ni wetu. Tunakuomba jambo hili lisivuke uzio." Bibi akawakaribisha kahawa kwanza. Kisha akawaambia, "Wanangu, mimi sina cha kuwapa. Mtoto ameandikwa kwenye daftari, na daftari limeshasomwa polisi. Hata mimi siwezi kulifuta." Wakanywa kahawa yao, wakaondoka kwa adabu.

Nimelifikiria sana jibu lile. Bibi angejibizana nao kuhusu haki na dhambi, wangemshinda, maana wao ni watatu na ni wazee wa mtaa, na kesho wanakutana msibani. Daftari lilimpa mahali pa kuegemea. Ndiyo kazi yake kubwa, kuliko hata kumbukumbu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Ubakaji ni jinai. Kwa mtu mzima kifungo chake hakipungui miaka 30, na hakuna ukoo wenye uwezo wa kuusamehe kwa mbuzi na shuka. Haya tunayajua sote mkutanoni mchana. Usiku, wazee wakiwa mkekani, mtu anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Vyombo navyo havitusaidii kila siku. Kuna askari wa Dawati ambaye nikimpigia saa nane usiku anapokea, na Mungu amlipe. Lakini kuna ofisi moja ambako mtoto wetu alitakiwa aeleze yaliyompata akiwa amesimama kaunta, watu nyuma yake wakisubiri kugongewa mihuri. Alinyamaza, na hakusema tena kwa wiki nzima. Tangu hapo mtoto anasindikizwa na wawili wetu, na neno la kwanza tunalosema tukifika ni kuomba chumba. Wakisema hakuna, tunakaa nje na mtoto mpaka kipatikane. Akina mama wote wanayo kichwani namba 116, ya kumsaidia mtoto, ambayo ni bure na haihitaji vocha. Wakati mwingine ukiwaambia wahusika kwamba umeshapiga huko, mambo yanakwenda.

Tuliambiwa tupitie kwa mabalozi wa nyumba kumi. Nawaheshimu, lakini balozi siku hizi ni wa chama, na mtaa wetu una wa CCM na una wa ACT, wanaosalimiana vizuri miaka minne na kununiana mwaka wa tano. Tukaomba mpango uwe chini ya kamati ya mtaa ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile iliyowekwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na viongozi wa vyama wakaombwa wasiuseme kabisa jukwaani. Hadi sasa wametusikia. Kilichotusaidia zaidi ni kumbukumbu ya teleza. Wanawake wa Kigoma Ujiji hawajasahau wale wanaume waliojipaka oili wasishikike, wakawa wanaingia kwa wanawake wanaolala peke yao, mpaka habari ikatangazwa nchi nzima mwaka 2019. Ndipo mtaani kwetu tulipoanza kugawana filimbi na namba za simu. Filimbi zilezile ndizo zinazotumika leo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Tunahitaji madaftari, kalamu, vocha. Kikundi kimoja kilitaka kutuletea fulana, kibao kikubwa barabarani na sherehe ya uzinduzi. Tuliwashukuru, tukakataa kibao. Mtu yeyote mwenye kopo la rangi anaweza kuiga alama, na mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma. Badala yake kila Januari, walimu na sisi tunawatembeza wanafunzi wapya nyumba kwa nyumba Jumamosi asubuhi. Wanakaa kwenye benchi, wanaonyeshwa daftari, wanamsalimia mwenye nyumba, "Shikamoo mama," wanaambiwa kama yeye hayupo mlangoni basi siku hiyo nyumba si salama, waende inayofuata. Hilo la mwisho tunawafanya walirudie kwa sauti.

Upande wa korongoni ndio bado unatusumbua. Kuanzia daraja la miti mpaka barabara ya lami hakuna anayekaanga wala kupika uji alfajiri. Aliye macho ni mlinzi wa godauni, baba mtu mzima, mcha Mungu, watoto wanampenda. Yuko peke yake usiku kucha, na kwa masharti yetu hawezi kuwa nyumba. Wenzangu wawili wanataka tumfanyie nafasi, mimi sitaki. Tulichokubaliana kwa sasa ni kwamba apewe filimbi na tochi kubwa, asimame upande wa nje wa geti kuanzia saa kumi na moja na nusu, amulike daraja, na mtoto akimwendea asimwingize ndani, apige filimbi mpaka mmoja wetu afike. Na tumempata mama mmoja anayetaka kuanza biashara ya chapati pale darajani. Anahitaji jiko, meza na mfuko wa kwanza wa unga. Kikundi kile cha fulana tumekiandikia upya, safari hii tukiomba hivyo vitu vitatu.